Avoka hapana, Baba Keren

Baba Keren,

Naenda Kasapa, nitarudia saa kumi. Sombe ya majani ya muhogo iko mu frigo; bukari, ule ugali, utapika weye mwenyewe, hautakufa. Ule kobaye, simbilisi wetu mwenye kuzala juzi, umupatie majani mingi na maji ya safi. Matunda ni kile kipande kidogo cha pomme, lile tofaa, kiko pa sahani, basi. Mara mbili kwa juma inatosha. Avoka, ile parachichi, hapana, ata kidogo!

Najua utacheka. Kwetu Pweto kobaye banalala mu jiko, banakula kila kintu chenye kinaanguka. Njo maana leo asubui nilimuonea huruma, nikataka kumupatia nusu ya avoka. Keren akanisukuma mukono, sahani ya avoka ikapasuka. Nikamugombeza: "Mutoto wa miaka tisa, unafundisha mama yako?" Akaenda ku masomo na machozi. Kisha nikapigia munganga wa banyama simu. Anasema avoka ingeweza kumuua.

~~Keren akirudia, umuambie aombe pardon juu ya sahani.~~ Hapana, usimuambie kintu. Pardon ni yangu.

Ile pomme, ni yeye alikata mbele ya kutoka, na macho bado mekundu. Alitoa mbegu zote, ata ile ndogo ya mwisho, juu mbegu ni mbaya kwa kobaye. Mutoto gani huyu!

Sasa nafungua mukoba, sakoshi yangu, nakuta kipande kingine, amenifungia mu karatasi. Na ya kwangu pia ametoa mbegu.

Mama Keren