Kuku wa Jumapili wa Mama

Mikumi

Hapana, Dada Eliza, sikukata simu kwa hasira. Uliponiambia maneno ya mwanangu Faraja, kwamba haendi kukaa na mtu aliyemla kuku wa Bibi, niliona nikiendelea kushika simu nitalia mbele ya wateja. Niliizima nikainamia chapati zangu. Nimeona afadhali nikuandikie, maana tangu tumzike Mama, mimi na wewe kwenye simu tunaishia kulia, hakuna anayemaliza anachotaka kusema. Barua hii nampa kondakta wa basi, atamwachia shemeji hapo Kilosa stendi, naye akuletee Rudewa.

Shikamoo Dada. Mgongo unaendeleaje? Najua nyumba ya Mama umeibeba peke yako tangu msiba, na huko kwako Kilosa wanao wanakula mapishi ya baba yao, ambaye najua ugali wake ulivyo. Sisi ni wazima. Mvua zimepungua. Barabara waliyosema imekatwa na maji wameifungua juzi, mabasi yanapita kwa kuvizia. Tuko wilaya moja mimi na wewe, lakini majuma haya nimejiona kama niko nchi nyingine.

Ningekuwa namwandikia mtu mwingine ningeona aibu kusema haya, lakini wewe ndiye uliyeninyooshea shela mlangoni mwa kanisa. Dada, nimependwa. Sijui kulisema kwa njia nyingine. Kosmasi anaamka kabla yangu, anawasha jiko, nikifumbua macho naona maji ya kuoga yanatoa mvuke, na yeye ameketi juu ya ndoo ananitazama kama mtu aliyeokota kitu barabarani akawa anaogopa mwenyewe atatokea kukidai. Kabla hajanishika mkono anasugua grisi kwa sabuni ya unga na mchanga mpaka vidole vinakuwa vyekundu. Madereva wa malori wanaokuja kuziba pancha wanamtania.

"Fundi, siku hizi unanawa kama daktari," mmoja alimwambia.

"Nimeoa."

"Hata mimi nimeoa, mbona sinawi?"

"Ndiyo maana mkeo anakuombea safari ndefu," Kosmasi akamjibu, na yule dereva alicheka mpaka chai ikampalia.

Nacheka nao. Halafu nageuka kuchukua mwiko, ule wa Mama ulionipa, wenye mpini ulioungua upande mmoja, na furaha yote inaniponyoka. Najiuliza ni mtu wa namna gani anayeweza kufurahi hivi wakati udongo wa kaburi la mama yake haujatulia. Mama alijaliwa kuiona harusi yangu, akacheza mpaka kilemba kikamdondoka, kisha presha ikamchukua kabla sijamaliza hata kupanga vyombo nilivyotunzwa. Siku nyingine sijui nimeolewa au nimefiwa. Vyote viwili vinakaa chumba kimoja.

Wewe uliolewa mapema, Dada, kwa hiyo yule kuku wa kishingo hukumzoea kama sisi. Mwekundu, asiye na manyoya shingoni, aliyelala chini ya kitanda cha Mama kama mtu wa nyumbani. Mama alimtenga tangu akiwa kifaranga. Mayai yake hayakuwa yetu. Yalikaa kwenye bakuli juu ya kabati mpaka Jumapili, yakafungwa kwenye kile kitambaa cheupe alichokidarizi msalaba pembeni, yakaenda kanisani kunadiwa. Nikiwa kidato cha pili, enzi za mama yake kuku huyu, naye wa sadaka, asubuhi ya mtihani, nyumbani hakuna kitu ila uji wa chumvi, nilinyoosha mkono nichukue moja. Hakunipiga.

"Hayo yana mwenyewe, Zawadi. Wewe utapata lako," alisema.

Akatoka, akaenda kuazima yai kwa jirani, akanikaangia. Bakuli limejaa juu ya kabati, na yeye anaazima. Siku ile nilimwona mama yangu hana akili. Leo nikilikumbuka yai lile la kuazima, nasukuma sahani pembeni.

Na pale nje baada ya ibada, Mzee Lazaro anapoinua sadaka moja moja kuinadi, muhogo, papai, jogoo aliyefungwa miguu, Mama alikuwa mtu mwingine. Mtu aliyekaa kimya juma zima, sasa anapaza sauti. Unakumbuka lile papai la Mama Sethi, wakati hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba? Mama alipandisha bei mpaka watu wakanyamaza, akalipa, akalibeba, akaenda kuliweka mapajani mwa Mama Sethi mwenyewe.

"Nimelitoa sadaka, wewe unanirudishia?" Mama Sethi akauliza.

"Wewe ulimpa Mungu. Mungu kaniuzia mimi. Mimi nakupa wewe, una wajukuu."

Wakaanza kusalimiana siku hiyohiyo, ingawa ugomvi wa shamba haukuisha.

Halafu lipo lile ambalo sijawahi kukusimulia vizuri. Nilipompata Faraja kabla ya ndoa nilitengwa, kama utaratibu wetu Walutheri ulivyo. Siku ya kurudishwa kundini mwinjilisti aliniita mbele peke yangu. Niliposimama nikasikia ndala za mtu nyuma yangu. Alikuwa Mama. Hakuna aliyemwita. Alikuja akasimama bega kwa bega na mimi, Faraja mgongoni mwake, mpaka sala ikaisha, na macho yake yakawa yanapita kwenye mabenchi yote kama anayesema, mwenye neno aniambie mimi.

Faraja alipojua kutembea bila kuanguka, ndiye aliyepewa kazi ya kubeba mayai. Mimi nikaja huku Mikumi kutafuta maisha, nikauza chai, nikampata Kosmasi wangu. Mtoto akabaki na Bibi, na kuku, na kitambaa. Huo ndio uliokuwa ulimwengu wake.

Sasa angalia kilichotokea msibani. Mjomba Yona amekuja kutoka Njombe kumzika dada yake, anamkuta mkwe mpya amekaa mkekani na waombolezaji. Akasema mkwe anayekula nyumbani kwa mara ya kwanza tangu harusi hawezi kulishwa maharage, hata kama ni msiba, Mama asingekubali. Na kweli, Mama asingekubali. Akatoka uani kukamata kuku. Wengine wote walikimbia. Yule wa kishingo hakukimbia, maana tangu azaliwe hajawahi kuuona mkono wa mtu ukimtisha. Alijikunyata chini akasubiri kubebwa. Mimi na wewe tulikuwa ndani na akina mama. Mjomba angejuaje?

Kosmasi akawekewa firigisi, na kwa heshima ya ukweni akamaliza kila kilichokuwa kwenye bakuli. Nilitoka mlangoni wakati Faraja anarudi kutoka kuchota maji. Aliyaona manyoya nyuma ya jiko. Akatua ndoo.

"Nani amemla?"

"Mkwe wetu huyu hapa," Mjomba akasema. "Kamaliza mpaka firigisi."

Wanaume wakacheka, kicheko cha kwanza tangu mazishi, na Kosmasi naye akacheka kwa kuwa alidhani anataniwa ukwe. Faraja hakulia. Alimwangalia mume wangu vile ambavyo Mama angemwangalia mtu aliyeingia kanisani na kofia, kisha akainama kuokota manyoya. Na sasa wewe unaniambia ameyafunga kwenye kitambaa cha Bibi, analala nayo.

Nilirudi huku nimelinyamazia. Niliogopa kulisema, nikidhani muda utalipunguza. Lakini baada ya simu yako Kosmasi aliniona usoni, akauliza Dada kasema nini, nikamweleza yote, kuku, mayai, kitambaa, kile kicheko. Alikuwa anatoa tairi kwenye rimu. Aliweka chuma chini.

"Kwa hiyo sadaka ya Mama nimeila mimi."

"Hukujua, Kosmasi. Hata Mjomba hakujua."

"Mtoto ndiye hajui kwamba sikujua."

Akaondoka. Hakurudi kula mchana. Dada, nilikaa pale jikoni nikawaza kwamba ameona mzigo, kwamba amepata mke na sasa anapewa mtoto anayemchukia, na nani angemlaumu. Chapati ziliungua, nikaziuza hivyohivyo. Jioni alirudi na nguo ya safari ameifua mwenyewe, akasema kesho anapanda mlimani Vidunda kwa mama yake.

Mama mkwe ni Mkatoliki hasa, rozari haimtoki mkononi hata akipalilia. Alipoelezwa akauliza, "Yaani kuku wangu mimi akanadiwe kwa Walutheri?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi chukua yule anayetaga. Wasije wakasema Wakatoliki tumewapa kikongwe."

Kosmasi alishuka naye mlimani amempakata ndani ya koti. Si wa kishingo, ni wa madoadoa. Kosmasi hakutaka kutafuta anayefanana, alisema mtoto si mjinga. Tunamlaza chini ya kitanda kwa sababu ya nyani wanaovuka kutoka mbugani, hawaachi kitu hawa. Mayai nayaweka kwenye bakuli, na sisi hatuyagusi. Jana dereva mmoja aliyaona.

"Mama, yale mayai pale nikaangie mawili na chapati."

Kabla sijafungua mdomo, Kosmasi akajibu kutoka kwenye matairi yake, "Hayo yana mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Rudewa. Ana miaka saba."

Nikageukia jiko kama nachochea moto. Lakini moto ulikuwa unawaka vizuri.

Nilidhani tutamletea Faraja kuku awe wake, yaishe. Kosmasi amekataa. Anasema akimpa mtoto kuku itakuwa amemhonga, na Mama hakuwahi kumhonga mtu. Anataka aje Jumapili, akae ibada nzima, na pale nje kabla Mzee Lazaro hajaanza kunadi aombe nafasi aseme kwa mdomo wake kwamba kuku aliyekuwa wa sadaka amemla yeye, na kwamba mayai ya huyu wa madoadoa yatakuwa yanakuja badala yake. Huyu ni Kosmasi ambaye siku ya harusi neno "ndiyo" lilimkauka mdomoni mpaka mchungaji akarudia swali. Ninampenda mpaka naogopa.

Na hofu yangu sikufichi. Faraja anaweza kumsikiliza mbele ya usharika wote na bado akasema hapana. Ana kichwa cha Mama yule. Najua wewe lazima urudi kwako mwezi ukiisha, na nyumba itafungwa, na Mjomba Yona amesema yuko tayari kumchukua mtoto akakae Njombe. Nakuomba, Dada, usimkubalie. Mjomba ana moyo mzuri, lakini kule Faraja hamjui mtu hata mmoja. Akinikataa, nitabaki naye hapo nyumbani kwa Mama hata kama huku jiko langu litazimika, na Kosmasi amesema atakuwa anakuja kila Jumapili atakayopata usafiri, na mayai mkononi, mpaka mtoto amchoke au amzoee. Tumekwisha kuzungumza. Nililia kumwacha kabla hata sijamwacha, akanicheka. Kulala mbali naye nitaweza kwa shida. Kumwacha mwanangu afiwe mara mbili sitaweza.

Nisalimie shemeji, na umshukuru kwa uvumilivu wake. Wabusu wanao wote. Msalimie Mzee Lazaro, mzee wetu wa kanisa, umwombe atutunzie nafasi kidogo kabla ya mnada, usimweleze ya nini. Msalimie Mama Sethi jirani, mwambie nimesikia anamwagilia maua kaburini na Mungu ambariki. Mjomba Yona akipiga simu mpe shikamoo yangu, na habari ya kuku usimwambie kamwe, alifanya kwa heshima, ataumia bure.

Faraja naye usimweleze lolote. Usimnyang'anye kile kitambaa, wala usikifue, hata kama manyoya yameanza kunuka. Mayai nitakuja nayo bila kuyafunga kwenye kitu, nitayashika mapajani kutoka hapa mpaka Kilosa na kutoka Kilosa mpaka mlangoni kwa Mama, na barabara ilivyo mengine yatavunjika. Yatakayofika nitasimama nayo mkononi mbele yake, nimwambie ni ya Jumapili na sina cha kuyafungia. Halafu sitasema neno jingine. Akikifungua kile kitambaa mwenyewe ayaweke, tutajua ametupokea.

Tunakuja, mimi na Kosmasi, kabla mwezi huu haujaisha.

Mdogo wako akupendaye,
Zawadi