Shangazi Aliyeleta Dawa ya Kupaka Meno

Mpendwa Senge, shangazi yangu,

Tangu tukuzike kule Silibwet sijakuandikia, lakini leo nina jambo limenijaa kifuani.

Miaka ile ya tisini ulikuwa mwalimu wa kreshi katika shamba la chai. Mama zetu walituacha kwako wakienda kuchuma, kila mtoto na chupa yake ya chai ya maziwa, sukari tele. Tulinyonya mpaka tukalala chupa ikiwa mdomoni. Mdogo wangu Chebet akaanza kuoza meno ya mbele, kisha shavu likavimba. Baba, kaka yako, alisema ni meno ya utoto tu, yataanguka yenyewe. Wewe ulimfunga mgongoni ukampeleka hospitali. Mlirudi akiwa na pengo, amechoka kulia.

Ulirudi pia na maneno ya daktari wa meno: mdomoni kuna vijidudu vinavyokula sukari na kutoa asidi inayotoboa jino, na kuna dawa ya floridi ya kupaka juu ya jino likawa gumu. Ulimsihi aje kreshi, naye akakubali.

Wazazi ndio waliokataa. Mama Akinyi, jirani yetu kutoka upande wa ziwa, alisimama mbele ya wote.

"Mwalimu, si hiyo floridi ndiyo iliharibu meno ya watu wa Nakuru ikawa ya brown? Mtoto wangu hapana!"

"Mama Akinyi, hiyo ni ya maji, mtu anakunywa kila siku tangu akiwa mdogo," ulimjibu bila kupandisha sauti. "Hii ni kidogo sana, inapakwa, halafu mnakaa miezi kabla ya kupaka tena. Nitaanza na wa kwangu."

Daktari alipofika, akina mama walikunja mikono mlangoni. Ulimpakata Kiprono, kitinda mimba wako, ukamshika kichwa huku akipiga mateke. Kisha ukaniita mimi. Dawa ilikuwa ya manjano, ikinata kama utomvu. Niliogopa, lakini mkono wako ulikuwa begani mwangu.

Mama Akinyi alimtazama Chebet akihangaika kung'ata mahindi kwa meno ya pembeni. Akamsukuma binti yake mbele.

"Haya, mpake. Lakini mimi nasimama hapa naona."

Wengine wakafuata. Kuanzia hapo chupa ya chai ya sukari haikuvuka mlango wako. Ilikuwa maziwa matupu au maji.

Wiki hii nimempeleka binti yangu kliniki. Wazazi walipanga foleni wakingojea dawa ile ile, wala hakuna aliyebishana. Daktari kijana alipoanza kunieleza, nikamwambia naijua.

"Umeijulia wapi?"

"Kwa senge yangu," nilijibu kwa sauti, foleni nzima ikageuka. "Alikuwa mwalimu wa kreshi. Ndiye aliyeileta kwetu."

Pumzika, Senge.

Mimi, mtoto wa kaka yako,
Chepkoech