Filimbi Walizozisikia

Frauke, nimekwisha. Nimekwisha kabisa!

Unaijua desturi ya maabara yetu: kabla hujautetea utafiti wako, unalala mwenyewe kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo. Leo nimelala mimi. Nimesikia mashine ikigonga tu.

Natoka, Henning fundi ananiuliza, "Haya dada, filimbi zako tamu?"

Filimbi gani??

Waya wa hedifoni zinazopeleka filimbi za utafiti wangu masikioni umechomoka! Tangu matengenezo ya mashine, kabla sijampima mtu hata mmoja!

Na picha za watu niliowapima zinaonyesha sehemu ya mbele ya ubongo ikiwasiliana na ya kusikia. Zote! Profesa mwenyewe alinipongeza!

Niliwaambia watu filimbi ni hafifu, wasikilize kwa bidii.

Frauke, nilipowauliza, wote walisema wamezisikia.