Masika Niliyofukia Kopo Uani

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, salamu zako zimenifika. Huku Mabawa hatujambo, na mamako mdogo kajifungua mtoto wa kike.

Unauliza ufanyeje na gofu wakati viwanja vimefungwa. Miaka ile ya foleni za sukari, masika yaliufunika uwanja wetu kwa maji, nami nilikuwa na mpira mmoja tu. Nikafukia kopo uani, mdomo juu, liwe shimo langu. Mvua ikipumzika napiga: leo kwa mkono mmoja, kesho macho nimefumba, keshokutwa kila pigo kutoka pembe nyingine.

Babu yako akacheka. "Mke wangu, kuku watakushinda!"

Mvua zilipokatika klabu yetu ikafanya mashindano. Shimo la mwisho nilibakiwa na pigo moja la ushindi, hatua saba za mteremko. Mpinzani wangu, meneja wa shamba la mkonge, alishanyoosha mkono anipe pole. Nikatulia. Mteremko ulikuwa mgeni, lakini mkono wangu ulishazoea wageni. Mpira ukazunguka ukingoni, ukatumbukia.

Babu yako akaja mbio, akaninyanyua juu mbele ya wakwe zangu. Nikampigia kelele anishushe, huku naomba moyoni asinishushe upesi.

Akulinde Mola.

Bibi yako, Mwanaisha