Taya la Mamba wa Semliki

Kampala, 3 Machi 2025

Mama mpendwa,

Nakusalimu sana. Mguu wako unaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili, lakini moyo hapana. Kukosa matanga ya Papa, baba niliyempenda, kunaniuma kila siku.

Nina ombi. Lile taya la mamba wa kale ambalo Papa aliliokota kando ya mto Semliki, pamoja na meno yake, mpe Luc, dereva aliyekuletea barua hii. Dunia nzima haina mfupa mwingine wa mamba huyo. Profesa wangu amekubali: ni aina ambayo hakuna aliyeijua. Lakini picha hazitoshi. Bila mfupa wenyewe mamba huyo hatapewa jina, na kazi ya Papa itakufa naye.

Mtoto wako, Ange

Goma, 21 Machi

Mwanangu Ange,

Salamu nyingi. Mguu unapona, natembea na fimbo. Unakula? Nakujua wewe.

Mutoto wangu, sina la kumpa Luc. Bombe ilipoangukia nyumba, nilibebwa hospitali sina fahamu. Wamama wa shirika letu la kanisa wakaja kumwokota Papa kwenye vifusi. Vipande vya taya vilikuwa pale pale, vyeusi kwa moto. Mmoja wao, Mama Domitille, akasema, "Mufupa ya mutu haiwezi kulala inje." Wakaweka yote katika sanduku moja, wakazika. Mamba wenu amesomewa rozari nzima! Walifanya kwa mapendo, siwezi kuwakasirikia.

Mama yako, Sidonie

Kampala, 2 Aprili

Mama,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Nimelia sana. Nisamehe kwa ninaloomba: kaburi lifunguliwe, padri akiwepo. Najua ni jambo zito. Usiponijibu nitaelewa.

Mtoto wako, Ange

Goma, 19 Mei

Ange wangu,

Mimi mzima, na wewe je? Nilikukasirikia, ndiyo maana nilinyamaza. Halafu nikawaza: muzee wangu mwenyewe angekuwa wa kwanza kushika jembe. Nikaenda makaburini na padri, Domitille, na Baharanyi mchimbaji.

Domitille alizunguka asubuhi nzima akitafuta kaburi. Siku zile walizika mbio mbio, maiti ni wengi, misalaba haina majina, na wengine wamezikwa katikati baadaye. Mwishowe akakaa chini akalia: "Mama Ange, nilijua ni hapa. Sasa sijuwe tena."

Taya limepotea, na Papa pia. Nilichoka, mwanangu. Nikachagua msalaba mmoja, nikapiga magoti. Ukija nitakupeleka kwa huo huo. Tafadhali usiniulize kama nina hakika.

Mama yako, Sidonie