Mama Mkwe Aliyepuliziwa Salfa Shambani

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Babu Bendera. Lile la kwenye kitambulisho hata mke wangu halitumii.
Umri: Kitambulisho kinasema miaka sitini na tisa, ila chenyewe hakikuwepo nilipozaliwa.
Kazi: Mshika bendera, kikosi cha kupuliza dawa, shamba la mpira.
Makazi: Kambi ya wafanyakazi, chumba cha mwisho karibu na bomba.

Nimeonywa niseme kweli tupu. Nitasema, ingawa koplo anayeandika amenikataza utani.

Mtuhumiwa namfahamu. Tunamwita Njano, maana msimu wa dawa hurudi nyumbani amejaa unga wa salfa kama kifaranga. Vyumba vyetu vinagusana. Mlalamikaji ni mama mkwe wake, aliyefika Jumatatu kumchukua binti yake.

Afande, kwanza uelewe kazi. Miti ya mpira ikishapukutisha majani huchipua mapya, laini kama sikio la mtoto mchanga. Hapo ndipo ubwiri unga huyavamia. Ni ukungu mweupe. Majani hujikunja, hudondoka, na mti usio na majani utomvu wake ni wa kubembeleza. Dawa ni salfa, yaani unga wa kiberiti, tunaipuliza alfajiri, umande ungalipo ili unga ugande, na upepo haujaamka. Mashine inanguruma hata ukimtukana mpulizaji hasikii, nimejaribu. Kwa hiyo tunaongea kwa vitambaa. Mimi husimama mwisho wa mstari wa miti. Nikipunga cha kijani, aongeze dawa. Nikipunga chekundu, azime.

Jumatatu jioni nilisikia ugomvi chumbani kwa Njano. Sikutega sikio, ukuta ndio mwembamba. Mama mkwe alisema, "Sikumzaa mwanangu aje alale na kiberiti! Kesho naondoka naye."

Njano akajibu, "Mama, nakuomba. Kesho njoo shambani uone ninachofanya, ndipo uamue."

Mlalamikaji anasema ule ulikuwa mtego. Mimi nilimsikia kijana. Sauti ile haikuwa ya mtu anayetega, ilikuwa ya mtu anayeomba asiachwe.

Jumanne, yapata saa kumi na mbili kasoro asubuhi, Njano alimaliza mstari mmoja akageuka kuanza mwingine. Nami nilikuwa bado natembea kwenda kusimama upande wa pili. Magoti yangu hayana haraka. Mama mkwe akatokea mbele yake, pale pale ambapo ningepaswa kuwa mimi. Nani humtarajia mama mkwe kabla ya jogoo kunyamaza? Akavua mtandio wake, akaupunga kumwita. Mtandio ulikuwa wa kijani.

Njano, miwani ya kazi imejaa ukungu, aliona kijani, akatii. Akaongeza dawa. Mama akapunga kwa nguvu kumkataza, naye akaongeza tena. Mfanyakazi mtiifu kama yule sijapata kumwona. Mimi nyuma yake nilipunga chekundu mpaka bega likalia. Mwisho nilimrushia ndala, ikampata kisogoni. Akageuka, akaona chekundu, akazima.

Ndipo tukasikia kikohozi ndani ya lile wingu la njano.

Alitupa mashine chini, akaingia mbio. Alivua barakoa yake akamvalisha mama, akamwosha macho kwa maji yake yote ya kunywa, akambeba mgongoni mpaka zahanati. Njia nzima mama alimpiga makonde kichwani akiita, "Muuaji!" Yeye alijibu, "Ndiyo mama, usifumbue macho."

Muuguzi alisema macho ni mazima. Mama akaja moja kwa moja hapa kituoni kushtaki, Njano akafungiwa ndani. Mke wa Njano yuko nje sasa hivi na mfuko wa nguo mapajani. Mama yake kamwambia ainuke waondoke, hainuki. Kamwambia basi abaki, analia. Mkisema kijana alikusudia, yule binti leo analala kwingine.

Nikiingia kutoa maelezo haya, mama mkwe alinishika mkono pale kwenye benchi. "Mzee, nani anayekohoa hivyo huko ndani?"

"Mkweo, mama."

"Kafanya nini mpaka akohoe?"

"Barakoa ilikuwa moja tu, mama. Ulikuwa nayo wewe."

Aliuachia mkono wangu. Nikaingia humu.

Niliyoyaona na kuyasikia ndiyo haya, nayaweka hapa kwa hiari yangu.

Sahihi ya shahidi: (dole gumba, anasema anajua kuandika ila hajavaa miwani)

Maelezo haya nimeyaandika mimi, koplo wa zamu, nikamsomea shahidi, akakubali ni sahihi. Wakati namsomea, mlalamikaji aliingia bila kuitwa. Hajafuta shtaka. Ameomba kikombe cha maji ya moto kwa ajili ya mahabusu, na amekataa kipelekwe na mtu mwingine.