Nimemtoa Nje Naipanoi

Jackline uko? Nimejifungia stoo ya vitabu hapa shuleni, aibu imenijaa.

Leo nimefundisha fasihi ya Kiingereza, Kidato cha Tatu. Nikaandika ubaoni kwamba protagonist ni yule anayempinga mhusika mkuu. Kwa kujiamini kabisa!

Naipanoi, yule binti mpole anayetoka Elerai, akanyoosha mkono. "Samahani madam, huyo si antagonist? Protagonist ndiye mhusika mkuu mwenyewe."

Unajua nilimjibu nini? "Kama unajua kuliko mimi, njoo ufundishe." Darasa zima likacheka. Nikamtoa nje na daftari lake. Jackline, nilimtoa nje!!

Kipindi kilipoisha nikaenda ofisini, nikafungua kamusi. Yuko sahihi. Miaka yote ile chuoni nilikuwa nalichanganya neno hilo na protest, yaani kupinga, jamani.

Nikarudi darasani. Nikamwita ndani, nikasema mbele ya wote, "Naipanoi alikuwa sahihi, mimi nimekosea. Nisamehe mwanangu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Naipanoi akaangalia chini.

"Nilidhani mimi ndiye niliyekosea, madam. Nimeshafuta jibu langu kwenye daftari, nikaandika la kwako."